Sangara Wangu wa Mkuyuni

Baba mkwe wangu Mungu ampe maisha marefu, maana aibu yangu aliimeza yeye.

Mimi ni mtu wa Dodoma, nilihamishiwa Mwanza kufundisha. Nikampenda Neema, binti wa mvuvi mstaafu wa Mirongo. Kwa kutaka sifa, nikamwambia mzee kwamba kila Jumamosi navua kwa ndoano. Akafurahi: "Basi tuletee kitoweo, mwanangu."

Jumamosi nikakaa juu ya mawe ya ziwani tangu alfajiri, nikaambulia jua la utosi. Mchana nikapitia soko la Mkuyuni, nikanunua sangara mkubwa aliyekwisha kusafishwa. Nikambeba begani, nikapita barabara kubwa makusudi ili watu wanione.

"Shikamoo baba. Nimemvua mwenyewe, utumbo nimeutolea kule kule kwenye mawe."

"Marahaba! Huyu ndiye mkwe!"

Mama Neema akampokea samaki, akaingia naye jikoni. Mara tukamsikia: "Na bondo lake liko wapi?"

Nikamwinamia mzee, nikanong'ona: "Baba, bondo ni nini?"

Akaninong'oneza jibu. Kumbe bondo ni lile puto la tumboni mwa sangara, na miaka ile wanunuzi waligombania hilo kuliko hata nyama. Hakuna mvuvi asiyelijua. Macho yangu yakaanza kutafuta viatu mlangoni.

"Ninalo mimi, mama Neema!" mzee akapaza sauti. "Kijana amenikabidhi mapema."

Kisha akanisogelea sikioni. "Jumamosi ijayo tutakwenda wote ziwani. Na sokoni usipitie."