Jembe Orijino

Jembe lililoandikwa "Original" ubavuni lilipinda kabla mama hajamaliza tuta la tatu. Alilisimamisha, akalitazama kama mtu anayemtazama mkwe aliyekuja amelewa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka ya Sumbawanga yakajaa vitu ghafla. Neno "orijino" lilikuja na vitu hivyo. Redio isiyokoroma ilikuwa orijino. Shati la mtumba lenye kola nzima, orijino. Pombe isiyoongezwa maji, orijino. Hata baba mkubwa, akitaka kuwachokoza waliozaliwa mjini, alijiita Mfipa orijino.

Nyumbani kwetu jembe halikununuliwa bila kugongwa. Unaokota kokoto, unaligonga, unasikiliza. Likilia muda mrefu, unalichukua. Mama aligonga majembe ya wahunzi tangu akiwa msichana, lakini siku ile dukani hakugonga. Baadaye aliniambia aliona haya kuligonga jembe lenye Kiingereza.

Sasa mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. Nyasi zilitakiwa kufukiwa ndani ya matuta na maharage kupandwa juu yake udongo ungali laini. Mvua zikikatika kwanza, mwaka huo hatuna maharage. Tukarudi mjini, dukani mtaa wa Chanji, na jembe letu lililopinda.

Mwenye duka alikuwa kijana wa Mbeya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jembe lako limechoka kabla yangu."

"Lakini mama, hilo ni orijino."

"La kupigia picha, labda. Mimi nataka la kulimia."

Akacheka, akamwambia achague lingine. Mama akafungua fundo la khanga, akatoa kokoto. Aligonga majembe yote, moja moja, wateja wakisikiliza. Yalilia kama vifuniko vya sufuria. Kisha akagonga moja jeusi, lisilo na maandishi, lililoegemezwa nyuma ya mlango. Hilo likalia mpaka tukatazamana.

"Hilo siuzi," kijana akasema. "La mama yangu. Nimelileta litiwe mpini."

"Basi niazime, nimalize matuta. Mwambie mama yako analima na mwenzake."

Akampa, mama akalitia mpini wa lile lililopinda.

Tulimaliza siku mbili kabla ya mvua kukatika, na maharage yakakubali. Mama akalisugua jembe, akalifunga pamoja na kibaba cha maharage, akalirudisha. Dukani alimkuta mtu mwingine akiuza vitambaa. Alisikia tu kwamba kijana kahamia Tunduma, au kavuka Zambia.

Jembe bado liko nyuma ya mlango wetu. Mama hulipaka mafuta kila mwaka, na humwuliza kila mgeni kutoka Mbeya kama kwao kuna mama aliyepungukiwa jembe.