Utani wangu mbele ya mgeni wa wilaya

Hivi nyie, mnajua kuna watu wa milimani huko India walidai jimbo lao mpaka wakapewa? Mimi nimejua juzi tu, tunamenya karanga, mjukuu wangu wa kike akanisomea kwenye simu. Makabila ya juu huko, wakubwa wako mbali bondeni, shida zao hawazijui. Wakaomba, wakaandamana, wakaomba tena, mpaka wakaachiwa waendeshe mambo yao, ndani ya India hiyohiyo. Nikapiga vigelegele! Halafu nikaacha kumenya.

"Bibi, vipi tena?"

Nikamwambia. Maana na sisi huku njia ya Goweko tuna kilima chetu. Kitongoji cha juu kiliomba kiwe kijiji, kipate zahanati, kwa sababu masika mbuga ikijaa maji hawavuki kuja kwetu chini. Siku ya mkutano, mgeni wa wilaya kaja, akasimama shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, kuwasemea wenzake. Kavaa koti, anaongea vizuri hata raha. Na mimi shemeji yake, utani haki yangu, mdomo ukaniwasha.

"Shemeji, kaa chini! Nyie wa huko juu hata mkila wote, sufuria moja ya ugali hamuimalizi! Kijiji cha nani, cha nyani?"

Uwanja mzima mbavu hatuna. Mgeni alicheka mpaka akafuta machozi. Shemeji naye akacheka, afanyeje? Ila maneno yake hakuna aliyeyarudia. Mgeni akafunga daftari: watu wenyewe wachache, wasubiri kwanza.

Wakasubiri miaka. Masika moja mke wa shemeji akashikwa uchungu, mbuga imejaa. Mama alipona, mtoto hapana. Nilikwenda msibani, nikapika, nikaosha vyombo, na shemeji akanitania kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Sasa ni kijiji. Bati la zahanati yao naliona kutoka hapa nikiota jua. Sijapanda hata siku moja. Nasingizia magoti. Magoti gani, na gulioni sikosi!

"Kwa hiyo hujamwomba radhi, bibi?"

"Bado. Na siku hizi anakohoa sana."

Akaweka simu chini. "Jumapili tukitoka kanisani nakupeleka kwa pikipiki mpaka mlangoni kwake. Na ukianza kumtania kabla hujamwomba radhi, nakuacha hukohuko juu, ushuke kwa hayo magoti."