Vigingi vya mkuyu vilivyochipua Shinyalu vikataka kuua utafiti wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi humu huwa msomaji tu, ila juzi nimeona picha za mafuriko nikakumbuka kitu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema.

Ilikuwa miaka ya tisini, niko mwaka wa mwisho chuoni. Mimi ni mtoto wa Kakamega town, baba alikuwa karani wa serikali. Jembe nililijua kwa adhabu za shule tu.

Research yangu ilikuwa kupunguza mafuriko bila simiti. Unaenda juu ya kijito, unapigilia vigingi toka ukingo mmoja hadi wa pili, unasuka fito katikati. Maji yanapita, lakini polepole, kwa hivyo kule chini hayafiki yote kwa mpigo.

Kwenye vitabu ilikuwa tamu. Mimi nilitaka kuona kwa macho, yaani nilikuwa nawashwa na hamu kabisa.

Nikapata kijito huko Shinyalu. Chini yake kulikuwa na shamba la maharagwe la Mama Ayub, na mafuriko yalikuwa yamelibeba miaka miwili mfululizo. Mumewe, Baba Ayub, alishatoa neno: likibebwa tena, anapanda mikaratusi hapo.

Mnaoijua mikaratusi inavyonyonya maji mnajua maharagwe yangekwisha. Na Mama Ayub hakuwa na shamba lingine la kuita lake.

Akaleta wenzake saba wa kikundi cha kanisa. Wote walijitolea, mimi nilikuwa na chai na mandazi tu. Vigingi tulikata kwenye tawi kubwa la mkuyu lililoangushwa na upepo.

Wanaume walipita wakicheka. "Mnazuia maji na fito?" Baba Ayub hakucheka. Alisimama na panga lake, akatazama, akaenda zake.

Nikasimika ubao wa kupimia maji, nikauchora mistari yenye namba. Kila asubuhi naandika.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana kutwa. Nilisimama kwenye matope, macho kwa ubao. Maji yalipanda, yakajikusanya nyuma ya fito, yakapita taratibu. Kule chini yalilamba mstari wa kwanza wa maharagwe, yakaishia hapo.

Mama Ayub akapiga vigelegele. Mimi nikajiona profesa, ingawa mvua moja si ushahidi.

Sasa wakuu, ujinga wangu unaanzia hapa.

Wiki chache baadaye vigingi vikachipua. Majani mabichi kabisa! Nilifurahi kama mtoto, maana mizizi ingeshika udongo. Nikakimbia kumwambia Mama Ayub.

Akashika mdomo. "Woi! Mwalimu, umetumaliza."

Sikuelewa. Akaniketisha akanieleza kwamba kwao mwanamke hapandangi mti. Mti ni alama ya mwenye ardhi. Mke akipanda, ni kama amesema boma ni lake, na mumewe atakufa.

Na hapo kijitoni wanawake wanane walikuwa wamepanda miti, tena kwa maagizo yangu.

Wanaume wakakaa kikao. Uamuzi: kufikia Jumapili wanawake wang'oe kila kitu. Nikaenda na daftari langu kuwaomba. Mmoja akaniuliza, "Kijana, hayo ya maji tumesikia. Sasa watu wakikufa, wewe ndio utazika?"

Nikafunga daftari. Mvua bado ilikuwa inakuja, na maharagwe ndiyo kwanza yanatoa maua.

Jumamosi asubuhi nilishuka kijitoni kuchukua ubao wangu. Nikamkuta Baba Ayub ndani ya maji, suruali imekunjwa, anang'oa kigingi. Roho iliniuma sana.

Halafu akakirudisha kwenye shimo lilelile, akakigonga na jiwe. Akasogea kwa kinachofuata.

"Mzee, unafanya nini?"

"Napanda miti."

"Si ilikuwa imeshapandwa?"

"Hiyo ilikuwa ya hao akina mama. Hii ni yangu." Akanyoosha mgongo. "Hebu niambie, juzi uliandika mstari wa sita ama wa saba?"

Kumbe kila jioni nikiondoka, alikuwa anashuka kusoma ule ubao!

"Sita," nikasema.

"Mimi jioni niliona saba. Ulikuja asubuhi ukiwa umechelewa, maji yameshashuka."

Nikaingia majini nikamshikia fito. Wanaume wengine walikuja, wakatazama, wakaona hakuna cha kukataza tena.

Maharagwe yalivunwa. Supavaisa wangu alipenda data, lakini asubuhi ile haikupata nafasi kwenye ripoti. Bado inaniuma.

Miaka ilipita nikarudi kusalimia. Mikuyu imekuwa mikubwa, kuna kivuli. Baba Ayub, mzee wa mkongojo sasa, akanionyesha mmoja mmoja. "Hii yote nilipanda na huu mkono wangu."

Mama Ayub alikuwa kando anapepeta maharagwe. Hakuinua hata kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Alipanda yeye."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba nilipima maji mpaka sentimita, na sikuwahi kuuliza nani anaruhusiwa kuchomeka kijiti ardhini. Sasa nauliza: huko kwenu mti hupandwa na nani? Na mzee hapo alikuwa anawaokoa, ama alikuwa anajichukulia kazi yao? Mimi hadi leo sijaamua, nisaidieni.