Sebagenzi wa Daftari la Pamba

Noella Sebagenzi, anayeuza mchele sokoni Mulongwe tangu ujana wake, alirudi kwenye ofisi ya kumbukumbu mara ya nne, damu ikimchemka. Binti yake alikuwa amenyimwa karatasi ya uraia. Eti jina la Sebagenzi ni la wageni, mpaka alete ushahidi kwamba babu yake aliishi huku zamani za ukoloni wa Wabeleji.

"Mama, nilikwambia jina hiyo haiko," karani alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Haiko, ao weye haujatafuta?"

Hakungoja jibu. Alimpita, akaingia mwenyewe katikati ya makabati. Rejista za kodi na za mashamba zilikuwa zimelowa mafuriko hata kurasa zikagandamana. Akazibandua moja moja, akipiga chafya na kulaani. Saa nane mchana, katika daftari la pamba la Bwegera, walimoandikwa waliolazimishwa na Wabeleji kuilima, akaliona jina la babu: Sebagenzi. Mbele yake palikuwa pameandikwa kwa wino kwamba hakulima shamba lake la pamba, akachapwa fimbo nane.

Karani alisoma, akakohoa. "Hii ni liste ya watu wenye kuchapwa, mama. Haiwezi kukusaidia."

Noella alilibamiza daftari mezani, vumbi likamrukia karani usoni.

"Siku walimulalisha chini bamuchape, nani alimuuliza kama iko mugeni? Mugongo ulikuwa wa hapa, sasa jina ndiyo ya mugeni? Andika!"