Mizani Ilisoma Tatu, Futi Kamba Ikasema Ishirini na Tano

Siku niliyomfokea karani wa uwanja wa ndege naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Jana umenionyesha kwenye simu vichwa vya plastiki na nywele unazotaka kuagiza kwa ajili ya saluni yako ya mtaa wa Dilala. Ukasema, "Ni bitu byepesi, tata, ndeke italipisha kidogo." Nikatoka nje nisije nikakutukana. Leo sikiliza.

Nilikuwa kijana, mpimaji wa shaba kiwandani. Sisi watu wa shaba tulijua kilo na tani, basi, na tulijiona tunajua kila kitu. Kiwanda kilikuwa kinakufa, hospitali ya kampuni haina hata dawa ya kichwa, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Kapata, mtaani kwetu, ati warudi kwao, watu tuliozaliwa nao mtaa mmoja! Jirani yangu Tata Kabeya, fundi wa umeme, aliamriwa aondoke na mke wake, Mama Ngalula, na binti yao Meta. Meta alikuwa na pumu. Safari ya treni ilikuwa ya siku nyingi, ndani ya mabehewa yaliyoshonana watu na vumbi, na bila pompe zake za kuvuta dawa asingefika.

Kaka yake Kabeya, aliyeishi Ubelgiji, akakubali kuzituma kwa ndege. Nauli ingelipwa hapa, mzigo ukifika. Kabeya akaja kuniuliza itakuwa kiasi gani. Mimi, bingwa wa mizani, sikumuuliza mtu yeyote.

"Ndeke inalipisha kilo," nikamjibu. "Mwambie aweke mu karto mukubwa, ajaze pamba, bisivunjike. Pamba haina kilo."

Karto, boksi lenyewe, ikafika uwanja wa ndege siku mbili kabla ya treni. Mizani ikasoma kilo tatu, nikamkonyeza Kabeya. Ndipo karani akatoa futi kamba. Urefu sentimita sitini, upana hamsini, kimo hamsini. Akazidisha zote tatu, akagawa kwa elfu sita, akaandika ishirini na tano.

"Mwizi!" nikapiga kelele, nikagonga meza yake.

"Tata, ndeke inauzisha na fasi, ile nafasi ya mzigo," akasema bila kuinua macho. "Hii karto inakula fasi ya kilo makumi mbili na tano. Mizani na futi kamba, yenye kushinda njo tunaandika."

Zaidi ya nauli kulikuwa na ada ya mafuta, ada ya kupokea mzigo, na ushuru uliohesabiwa kwa bei ya dawa pamoja na nauli hiyo iliyovimba. Nikamsihi atutolee pompe tu, abaki na pamba yake. Akakataa, kwa sababu mzigo ulikuwa umeshasafiri na ukubwa wake. Pompe zote zingeingia kwenye boksi la viatu.

Mama Ngalula akauza cherehani yake ili deni lile lilipwe. Wanunuzi walikuwa tayari wanaizunguka nyumba, majirani zetu hawa hawa, wakingoja watu wafukuzwe ili wachukue vitu vyao kwa bei ya bure. Nawachukia mpaka leo. Lakini cherehani ile ndiyo ingewalisha huko Kasai, na aliyeiuza ni mimi, kwa ujuaji wangu. Stesheni, Kabeya hakunipa mkono.

"Mi nilikuuliza bei," akasema. "Weye ukanijibu kilo."

Meta alifika mzima. Barua ilituambia hivyo. Ilituambia pia kwamba mama yake anafulia watu nguo.

Basi, mwanangu, kabla hujabonyeza hicho kitufe, muulize muuzaji vipimo vya boksi, si uzito peke yake. Muulize wakala wa mizigo anagawa kwa ngapi, maana wengine hugawa kwa elfu tano na bei hupanda. Muulize ada zote na ushuru, akuandikie. Nywele zibanwe kwenye mifuko, vichwa vije baadaye kwa meli. Na mtu akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui. Neno hilo lingenigharimu nini mimi siku ile?

Mungu aijaze saluni yako wateja, akupe mikono isiyochoka. Na akuepushe na mjuaji kama niliyekuwa mimi, usije ukauza kitu kinachokulisha ili kulipia nauli ya pamba.