Wimbo wa Mama Kwenye Kundi la Ukoo

Mama alianza kusahau mwaka uliofuata baada ya kumzika baba. Kwanza ilikuwa chumvi, akawa anatia mara mbili. Halafu njia ya kutoka kibanjani, kwenye migomba yake mwenyewe, kurudi nyumbani. Mwisho akatusahau sisi, akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nyimbo tu ndizo hazikumtoka.

Mimi ni fundi cherehani Bugene. Kila Jumapili ibada ikiisha nilikuwa napanda bodaboda kwenda Kihanga kushinda naye. Jumapili moja alikuwa jikoni anamenya ndizi, akaanza kuimba wimbo wa kumuaga bibi harusi, kwa Kinyambo, ambao yeye na shangazi zetu waliuimba usichanani. Sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Nikatoa simu nikarekodi.

Aliimba vizuri mno. Ubeti wa kwanza, wa pili, halafu katikati ya wa tatu akanyamaza. Akaweka kisu chini, akaniuliza kama bwana harusi amefika, akaanza kufungua kanga yake ili avae nguo za sherehe. Nilimshika mkono, lakini simu ilikuwa bado inarekodi. Ndipo akaiona.

"Unanipiga picha?"

"Ndiyo, mama. Nataka kaka akusikie."

"Asisikie mtu mwingine. Sijavaa vizuri."

Nikamwambia sawa.

Kama ningemtumia kaka peke yake, aliyeko Mwanza, mambo yangeishia hapo. Niliituma kwenye kundi la ukoo. Nilijiambia kwamba shangazi zetu watafurahi kuusikia wimbo wao. Lakini pia nilitaka waone ni nani anayeshinda na mama. Hata kile kipande cha mwisho sikukikata.

Kaka alinipigia akilia. Shangazi wakaandika amina. Alhamisi akaja mteja kupimwa gauni, na nikiwa nimemzungushia tepu kiunoni akaniambia, "Fundi, umemwona bibi anayesubiri bwana harusi?" Akanigeuzia simu yake.

Wimbo walikuwa wameukata karibu wote. Walibakiza mstari mmoja wa mwisho, swali lake, na mikono yake kwenye fundo la kanga. Chini ya sauti yake wameweka ngoma na kicheko cha watu wengi.

"Huyu bibi kanimaliza," mteja akasema.

Sikumwambia ni mama yangu. Niliendelea kuandika vipimo, na gauni lile baadaye ilinibidi nilirudie lote.

Niliuliza kwenye kundi. Kila mtu alikana, mpaka mke wa baba mdogo, anayeishi Isingiro, akaandika, "Mimi nilimtumia mwanangu tu." Mwanawe naye alikuwa amewatumia rafiki zake tu. Nilienda polisi. Askari alinisikiliza kwa upole, akachukua kalamu.

"Nani alirekodi?"

"Mimi."

"Na nani aliituma mara ya kwanza?"

"Mimi."

Akaiweka kalamu mezani. Akasema anaweza kufungua jalada, ila maelezo yataanzia kwangu. Nikaaga nikatoka.

Wiki hiyo hiyo nilimpeleka mama zahanati. Tulikuwa kwenye foleni, na mwanamke aliyekaa pembeni yetu akaifungua ile video, sauti ikiwa juu. Mama alisikiliza kwa makini, akainama kuitazama.

"Yule bibi ni nani?"

"Simjui, mama."

"Mbona wanamcheka? Hana mtoto?"

"Anaye."

"Yuko wapi sasa?"

Nilimfunga kanga vizuri, ingawa haikuwa imelegea.

Tuliporudi Kihanga nilikaa barazani nikafuta video kwenye simu yangu. Kwenye kundi muda wa kuwafutia wote ulikuwa umepita. Nikawapigia ndugu mmoja mmoja, nikawalazimisha wafute nikiwa hewani. Kaka alikataa.

"Hiyo ni sauti ya mama. Hii yangu nitamtumia nani?"

Nilimfokea. Nilimwambia yeye yuko mbali, hajui aibu tunayoipata huku. Kesho yake akaniandikia, "Nimefuta." Nilijisikia kama nimelifanyia kazi jambo. Wageni ambao hata hatuwajui walikuwa bado nayo, wanaendelea kutumiana.

Baada ya hapo mama hakuimba tena. Nilijaribu kumwanzishia wimbo, akanitazama tu midomo. Sidhani ni kwa sababu ya video, maradhi yalikuwa yameshazifikia hata nyimbo. Alifariki wakati wa mvua, asubuhi, wakati nampozea uji.

Siku tatu baada ya maziko tulikuwa tumekaa matanga, kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni. Kaka akasema, bila kumtazama mtu, "Nani ana ule wimbo? Tuwekee."

Watu walishika simu zao, kisha wakaziweka chini. Shangazi wawili waliobaki walijaribu kuuimba. Wakafika ubeti wa pili wakaanza kubishana maneno, halafu wakauacha. Kaka alitoka nje. Nilimfuata kwenye migomba nikamwomba msamaha.

"Ulikuwa unamlinda," alisema. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Akaondoka siku hiyo hiyo.

Nilipofungua tena duka langu la kushonea nilimtafuta yule mteja wa gauni. Nikamwomba anitumie video ya bibi. Akacheka, akasema nimechelewa, watu wameshaichoka, lakini akanitumia. Niliipeleka kwa fundi wa kurekodi muziki pale Kayanga, nikamuuliza kama anaweza kuondoa kicheko abakize sauti ya mwimbaji. Alijaribu mchana kutwa. Kila alipopunguza kicheko, mama naye alipungua.

"Vimeungana, dada," akasema. "Huna ile ya mwanzo?"

Nilimwambia sina. Hiyo yenye kicheko bado ninayo kwenye simu. Kaka sijamtumia.