Waya wa Simu wa Jirani

Kila ninapoona waya wa simu, katika mji wowote, namkumbuka jirani yangu wa Runyenjes, karani mstaafu. Kompyuta yake aliifunika kwa kitambaa cha maua, na akimaliza kuitumia alichomoa waya wa simu uliomletea intaneti, akauviringisha mkononi kama kamba ya mbuzi. Mwaka wa 1999 ilifika kwa barua pepe picha ya mjukuu ambaye hakuwa amemwona bado, kutoka kwa bintiye aliyeko Kanada. Hakuifungua.

"Virusi vya kompyuta siku hizi huja na jina la mtoto wako," aliniambia. Akamwandikia bintiye swali la kumjaribu: "Yule ng'ombe tuliuza ukalia aliitwa nani?"

Kesho yake jibu likaja: "Karembo. Na Baba, sikulia mimi. Ulilia wewe."

Akapangusa miwani, akaifungua picha.